Sili Ikivuja, Uliza Kwanza Nini Kilibadilika

Najua nimepotea. Wiki kadhaa sijaandika chochote hapa, na wale wanaongojea sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata wameanza kunitumia barua pepe za lawama. Sehemu hiyo inakuja. Lakini leo mnivumilie, nataka kuzungumza juu ya gari. Ndiyo, gari. Vidole vyangu bado vinanuka oili ya gia, na anayeijua harufu hiyo anajua kwamba sabuni ya kawaida haiiwezi.

Usikimbie. Mwishoni tutarudi kwenye kompyuta, kwa sababu kisa hiki kimenifundisha jambo ambalo nilisoma chuoni miaka minne, nikafaulu mtihani wake, na bado likanishinda siku nilipolihitaji.

Baba yangu anaishi Thika. Ana pikapu ya Toyota Hilux ya zamani, ya kabini moja, anayoitumia kupeleka chakula cha kuku kwa wafugaji wa upande wa Gatanga na kurudi na mayai. Mimi napanga Ruiru, kilomita ishirini hivi kwa barabara kuu ya Thika. Jumapili moja mzee alikuja kunitembelea, akaegesha kwenye kabro za ploti yetu, tukanywa chai, akaondoka. Jioni keateka akaja kuniita. Palipokuwa na gari pana doa jeusi ukubwa wa sahani, na keateka hakufurahi hata kidogo.

Nikapiga simu. "Baba, gari lako linavuja oili nyuma."

"Najua," akasema. "Ni sili ya difu. Nimeshaibadilisha mara mbili."

Mara mbili! Gereji ya kwanza ilibadilisha, ikakaa wiki tatu, ikavuja. Gereji ya pili ikasema ile ya kwanza ilikuwa sili feki, ikaweka "orijino", ikakaa mwezi, ikavuja. Kila mara mzee ametoa kati ya shilingi elfu tatu na elfu nne kwa sili, oili na kazi. Kwa mtu anayeuza mayai, hizo ni trei nyingi.

Hapo ndipo kiburi changu kilipoingia. Mimi ni mtu wa programu. Kazi yangu kila siku ni kutafuta hitilafu. Nikamwambia, "Baba, usilipe mtu tena. Niletee hilo gari Jumamosi."

Kwa wasiojua difu, nieleze kwa ufupi. Nguvu ya injini inapita kwenye gia boksi, inafuata propela hadi nyuma, na pale nyuma lazima ipinde kona ya digrii tisini ili ifike magurudumuni. Kazi hiyo hufanywa na gia ndogo iitwayo pinioni, inayosukuma gia kubwa ya mviringo. Zaidi ya hapo, gari likipinda kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima moja liweze kwenda kasi kuliko jingine. Difu ndiyo inayoruhusu hilo. Gia hizi zote zinaogelea ndani ya oili nzito, zikiwa zimefungiwa kwenye nyumba ya chuma.

Sasa, shafti inayozunguka lazima ipite kwenye tundu la nyumba hiyo, na tundu likiwepo oili itatoka. Kinachoizuia ni sili: pete ya chuma iliyovishwa raba, yenye mdomo mwembamba unaogusa shafti, na nyuma ya mdomo huo springi nyembamba ya duara inayoukaza. Kuna sili ya mbele kwenye pinioni, na nyingine kila upande pale ekseli inapoelekea gurudumuni. Na juu ya nyumba hiyo kuna tundu jingine dogo ambalo halina sili. Nitalitaja baadaye, kama mimi mwenyewe nilivyolikumbuka baadaye.

Basi Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilitazama video, nikasoma, nikaazima jeki ya pili na stendi mbili za chuma kutoka kwa jirani. Tafadhali, hata kama hutakumbuka neno jingine lolote la makala haya, kumbuka hili: usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, lisukume kidogo uone kama limetulia, ndipo ulale chini.

Jambo la pili nililolifanya sawa: nilifungua plagi ya kujazia oili kabla ya plagi ya kumwagia. Ukimwaga oili yote kisha ugundue kwamba plagi ya kujazia imeshika kutu na haifunguki, umebaki na gari lisiloenda popote na Jumatatu inakuja.

Kisha ikaja nati ya pinioni, na hapo ndipo wengi huharibu. Kwenye difu nyingi za aina hii, ndani, nyuma ya nati hiyo, kuna bomba fupi la chuma lililotengenezwa makusudi lipondeke kiasi nati inapokazwa. Kiasi kile cha kupondeka ndicho kinachoamua beringi za pinioni zibanwe vipi. Ukikaza kupita pale ilipokuwa, umelibonda zaidi, nalo halirudi. Beringi zitapata joto hadi zife. Ukiacha nati imelegea, pinioni itacheza na difu itaanza kulia kama nyuki. Njia kamili ni kutoa difu nzima na kuweka bomba jipya. Njia ya nyumbani, ambayo hata mafundi wengi huitumia, ni kuweka alama.

Nami niliweka alama. Nilichora kwa rangi nyeupe mstari mmoja unaopita kwenye nati, kwenye ncha ya shafti na kwenye flanji. Nilihesabu nyuzi zilizoonekana nje ya nati. Kabla ya kulegeza chochote, propela ikiwa imetolewa na magurudumu yakiwa juu, nilizungushia flanji kamba na kuivuta kwa ile mizani ndogo ya kupimia mizigo ya safari, nikaandika namba. Hiyo namba si ya kitabu. Ni ya kulinganisha tu: kabla na baada. Ningeipa kazi hiyo alama nane kwa kumi, na mbili nimejinyima kwa adabu.

Nikatoa flanji, nikang'oa sili ya zamani, nikasafisha, nikapaka grisi kwenye mdomo wa sili mpya, nikaigonga taratibu kwa kipande cha bomba ili iingie sawasawa pande zote. Nikarudisha nati hadi kwenye alama na unywele mmoja zaidi. Nikapima kwa mizani: karibu sawa na mwanzo. Nikashusha gari lisimame sawa, nikajaza oili hadi ikaanza kutiririka kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Oili chafu nikaiweka kwenye mtungi, sikuimwaga mtaroni, kwa sababu mitaro yetu ya Ruiru inaelekea mtoni.

Saa kumi na moja jioni kazi ilikuwa imekwisha. Nikapiga picha. Nikawatumia wenzangu kazini. Mzee alikuja kulichukua gari, akainama, akatazama, akasema, "Sasa shule imelipa." Nililala nikitabasamu.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nilikuwa Thika kwa mteja simu ilipolia. Baba huongea polepole hata nyumba ikiwaka moto, kwa hiyo sikushtuka mara moja.

"Kijana, hii gari inanivuta kulia nikikanyaga breki."

"Uko wapi?"

"Nimeteremka kutoka Gatanga. Niliposhika breki pale kwenye mteremko ikataka kunipeleka upande wa pili wa barabara. Nimekuja na gia ndogo tu hadi Makongeni. Niko kwa fundi."

Wanaoijua barabara ile wanajua ina wapita kwa miguu, watoto wa shule, bodaboda na matrekta. Sitaki kuandika zaidi juu ya nilichokifikiria nikiwa juu ya bodaboda kuelekea Makongeni. Ilinichukua kama dakika kumi.

Fundi aliyekuwa naye ni mzee mwenzake, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameinua gari na kutoa gurudumu la kushoto nyuma. Drumu ilipotoka, ndani kulikuwa kumelowa. Oili ya difu ilikuwa imepita sili ya ekseli ya kushoto, ikaingia kwenye breki, ikazinywesha breki shuu. Upande wa kulia unashika, wa kushoto unateleza, ndiyo maana gari lilivuta kulia. Shuu zilizolowa oili hazioshwi zikapona, ni za kutupa. Na mbele, kwenye sili yangu ya alama nane kwa kumi, kulikuwa na tone linaning'inia.

Nilianza kujitetea. Nikaeleza kuhusu alama, mizani, grisi. Fundi alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akachukua spana, akalegeza plagi ya kujazia oili, difu ikiwa bado ya moto.

*Psssss.*

Sauti ile ile ya soda ya chupa.

"Difu inapumua kama mtu," akasema. "Hii imezibwa pua."

Akaingiza mkono juu ya nyumba ya ekseli, akatoa kitu kidogo kama uyoga wa chuma, ukubwa wa kifundo cha kidole. Ndicho kipumulio. Kifuniko chake kinapaswa kuchezacheza ili hewa itoke, na kinazuia maji na matope yasiingie. Hiki hakikucheza. Kilikuwa kimefunikwa na rangi nyeusi nzito, na juu ya rangi, udongo mweusi wa kwetu uliokauka kama saruji. Sisi wa Ruiru na Juja tunaujua udongo huo vizuri, mvua ikinyesha unanata hata kwenye viatu vya mtu aliyebebwa.

Kisha fundi akamgeukia Baba, akauliza swali moja tu:

"Mzee, chini ya gari ulipaka rangi lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa naizuia kutu."

"Na kuvuja kulianza lini?"

Baba akanyamaza. "Januari," akasema.

Wasomaji wangu, nilitamani ardhi inimeze. Kazini, programu iliyokuwa ikifanya kazi jana ikikataa leo, swali la kwanza kabisa tunalouliza ni lipi? *Nini kilibadilika?* Tuna vyombo vizima vilivyobuniwa kutunza historia ya kila mstari uliobadilishwa, nani aliubadilisha na siku gani, ili tuweze kuuliza swali hilo. Naliuliza kila wiki. Nililiuliza hata juzi. Lakini Baba yangu mzazi, mwenye gari, aliyekuwa nalo kila siku, sikumuuliza. Nilimpokonya ufunguo nikaingia chini na spana. Hiyo namba ya mizani niliyoiringia, nilikuwa naipima kwa makini sana mahali pasipo na ugonjwa.

Tufanye hesabu kidogo, maana hili si imani, ni fizikia ya sekondari. Chukua hewa iliyofungiwa ndani ya nyumba ya difu asubuhi ikiwa na joto la digrii 25. Gari likibeba mzigo na kupanda hadi Gatanga, tuseme oili inafika digrii 85. Kwa kipimo cha Kelvin, hiyo ni kutoka 298 hadi 358, yaani ongezeko la karibu asilimia 20. Hewa isipokuwa na pa kutokea, mgandamizo wake nao unapanda kwa karibu asilimia 20. Hapa kwetu nyanda za juu mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 84, kwa hiyo tunazungumzia nyongeza ya kama kilopaskali 17. Ukilinganisha na tairi ni kidogo. Lakini mdomo wa sili ya kawaida umetengenezwa kuzuia oili isitiririke, haukutengenezwa kuwa mlango wa mtungi wa gesi. Kila safari unasukumwa kutoka ndani, unachoka, na oili inatafuta njia. Leo itatokea kwenye pinioni. Ukiiziba pale vizuri sana, kesho itatokea kwenye ekseli, kwenye breki.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Kazi yangu nzuri ndiyo iliyosaidia kuipeleka oili kwenye breki. Doa kwenye kabro lilikuwa aibu tu. Breki ya upande mmoja kwenye mteremko ni jambo jingine kabisa.

Na difu ikipoa, mambo hugeuka: hewa inasinyaa, inavuta kutoka nje, na kama umepita kwenye maji, yale maji yanavutwa ndani kupitia sili hizo hizo. Ukimwaga oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, ndiyo sababu mojawapo.

Sasa nifike kwenye hoja yangu, kwa maana haya si makala ya ufundi tu.

Nilimuuliza yule fundi, gari likiwa limeshawekwa sili mpya za ekseli, shuu mpya na kipumulio kilichosafishwa, kwa nini wale wa kwanza hawakukitazama kipumulio. Nilitarajia awaseme. Hakuwasema. Alijibu hivi: "Nikimwambia mteja nimesafisha kifuniko, atanilipa nini?"

Jibu hilo halijaniacha usingizini. Tunalipia spea. Tunalipia jasho linaloonekana. Fundi akitumia saa nzima kuuliza maswali na dakika mbili kusafisha kipumulio, tunamwona mwizi akitudai shilingi elfu moja. Akitumia saa nzima kung'oa sili isiyo na kosa na kuweka nyingine, tunamlipa elfu tatu na kumshukuru. Halafu tunashangaa kwamba kila fundi anabadilisha vitu! Tumemfundisha sisi wenyewe. Wale wa gereji mbili za kwanza hawakuwa wajinga wala wezi. Mteja alikuja akasema "badilisha sili", wakabadilisha sili.

Na kwa nchi kama yetu hili ni jambo zito kuliko kwa waliotengeneza magari haya. Kenya inaruhusu gari lililotumika liingizwe likiwa halijazidi umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba kule Japani gari linaishi miaka yake ya raha, raba zikiwa laini na boliti hazina kutu. Sisi tunalipokea likianza uzee, na kitabu chake mara nyingi kikiwa kwa Kijapani, na sauti ya Kijapani ikituamkia kila asubuhi tukiwasha. Thika yenyewe ina historia ya magari: kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kipo pale tangu miaka ya 1970, kilianza kwa jina la Leyland Kenya. Kuunganisha gari jipya ni kazi ya heshima. Lakini kulifanya gari la miaka ishirini liendelee kuishi bila kitabu kunahitaji akili ya kuuliza, na akili hiyo hatuilipii hata senti.

Nilisema tutarudi kwenye kompyuta. Haya, tumerudi.

Kazini kwangu tulikuwa na programu moja iliyokuwa ikivuja kumbukumbu. Kwa wasio wa fani, maana yake ni kwamba programu inaomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inaitumia, halafu inasahau kuirudisha. Kidogo kidogo seva inajaa hadi inakwama. Tulifanya nini? Tuliandika amri ya kuiwasha upya kila usiku saa nane. Mimi ndiye niliyeiandika. Mteja akafurahi, malalamiko yakaisha. Miezi ikapita, wateja wakaongezeka, usiku mmoja haukutosha tena, tukaweka mara mbili kwa siku. Halafu siku moja ikawashwa upya katikati ya malipo ya watu, na rekodi zikabaki nusu. Tulitumia siku nne kuzipanga kwa mkono.

Kuwasha upya ni sili mpya. Si dhambi, wakati mwingine unaihitaji ili gari lifike nyumbani. Kosa ni kuiita dawa. Na kosa lilianzia pale pale: mteja wetu alikuwa tayari kulipia kitufe kipya, ripoti mpya, rangi mpya. Hakuna aliyekuwa na fungu la pesa lililoandikwa "siku tatu za kutafuta kwa nini". Nasi hatukuliomba, kwa sababu tuliogopa kuulizwa swali lile lile la fundi: mmenifanyia nini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tuanze kulipia swali. Ukienda kwa fundi, sema wazi, "Nitakulipa kwa kutafuta chanzo, hata kama hutabadilisha kitu." Ukiajiri mtu wa programu, mwandikie saa za uchunguzi kwenye mkataba. Na wewe fundi au mwanaprogramu, ziombe bila aibu. Kusafisha kipumulio ni dakika mbili. Kujua kwamba ni kipumulio ni miaka thelathini.

Wengine mtasema, mbona basi umefanya nyumbani, si ungemwachia fundi tangu mwanzo? Nimelifikiria. Bado naamini kufanya nyumbani kuna faida, lakini si ile niliyoidhani. Hukuokoi pesa sana. Ukihesabu sili yangu, oili yangu, Jumamosi yangu na shuu za breki, tumepata hasara. Faida ni kwamba unakuwa mteja anayejua kuuliza. Kama nisingelala chini ya ile Hilux, nisingeelewa ile sauti ya *psss* ilikuwa inasema nini.

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo maswali ninayoyauliza sasa kabla ya kununua sili yoyote ya difu:

1. Nini kilibadilika kabla ya kuvuja kuanza? Rangi, kuoshwa kwa mashine ya presha, kuvuka maji, kazi ya gereji? Muulize mwenye gari, na umsubiri akumbuke.
2. Kipumulio kinacheza? Kisafishe kwanza. Hakigharimu kitu.
3. Oili imejazwa kupita kiasi? Gari likiwa limesimama sawa, isizidi ukingo wa tundu la kujazia.
4. Pinioni inacheza ukiishika flanji na kuitikisa? Kama inacheza, beringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu. Hiyo si kazi ya nyumbani, peleka kwa fundi wa difu.
5. Pale mdomo wa sili unapogusa flanji pana mfereji? Pitisha ukucha. Ukikwama, chuma kimeliwa, na sili mpya itakaa kwenye mfereji ule ule na kuvuja.
6. Ukitoa drumu za nyuma, ni kavu? Kama kuna oili, gari hilo lisitoke hapo mpaka breki zitengenezwe.

Sili yenyewe ni jambo la saba.

Tumefika mwezi wa tano sasa tangu siku ile ya Makongeni. Jumapili iliyopita mzee alikuja tena, akaegesha pale pale. Alipoondoka nilitoka na tochi kukagua kabro, keateka naye akatoka. Tukainama wote wawili. Kavu. Doa la zamani bado lipo, halijakubali kutoka kwa sabuni wala petroli, na nadhani nitahama nikiliacha.

Ile amri ya saa nane usiku nimeifuta wiki hii. Nimeomba siku tatu za kutafuta chanzo, na nilipoulizwa kitakachoonekana mwishoni nikajibu, "Pengine hakuna." Wamenipa siku mbili. Nazikubali, ndipo pa kuanzia.

Haya, kwa leo naishia hapa. Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja kabla ya mwisho wa mwezi, nikishanawa mikono. Mbaki salama.